Ghala la Vijenzi: Hoja kuhusu Utunzaji wa Programu za Kiswahili Zinazotumika katika Miradi Mingi

1.0 Utangulizi

Katika idara za Kiswahili za vyuo vikuu, kompyuta si mgeni tena. Kamusi huandaliwa kwa hifadhidata, matini hukusanywa katika kopasi, na wanafunzi wa uzamili na uzamivu huandika programu za kuhesabu maneno, kuchanganua mofolojia au kukagua tahajia. Hata hivyo, aghalabu programu hizo huzaliwa na kufa pamoja na mradi uliozizaa. Tasnifu ikishawasilishwa, msimbo, yaani maandishi ya amri ambazo kompyuta huzifuata, hubaki katika kompyuta ya mwenyewe. Mtafiti anayefuata huanza tena kuorodhesha viambishi ambavyo mwenzake alikwisha kuviorodhesha, na mara nyingi hurudia hata makosa yake.

Makala haya yanadai kwamba chanzo cha hali hiyo si uhaba wa ujuzi wa kuandika programu, bali ni kukosekana kwa mpango wa kuhifadhi na kutunza vijenzi. Neno kijenzi limetumika hapa kwa maana ya kipande cha programu kinachofanya kazi moja inayoeleweka na kinachoweza kutumiwa katika programu zaidi ya moja bila kuandikwa upya. Inapendekezwa kwamba vijenzi vya Kiswahili vipangwe kwa kufuata maarifa yaliyomo ndani yake na si kwa kufuata miradi. Kwamba kila kijenzi kiwe na mtunzaji, majaribio na namba ya toleo. Na kwamba ghala lenyewe libaki dogo. Aidha, inadaiwa kwamba kazi hii ni ya wanaisimu kama ilivyo ya wataalamu wa kompyuta, na kwamba wanaisimu wakiiacha, sarufi ya Kiswahili katika vyombo vya kila siku itaamuliwa na watu wasioijua.

2.0 Historia Fupi ya Wazo

Wazo la kutumia tena vipande vya programu lina umri karibu sawa na wa kompyuta zenyewe. Kompyuta ya EDSAC ilianza kazi katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1949. Waliokuwa wakiitumia walibaini mapema kwamba hesabu zilezile, kama vile kugawanya, kutafuta kipeo cha pili au kuchapa matokeo kwa mpangilio, zilihitajika katika karibu kila kazi. Wakaanzisha maktaba ya vipande vilivyotobolewa kwenye tepu za karatasi na kuhifadhiwa katika kabati la chuma. Kila aina ya kazi ilipewa herufi yake, na kila kipande kikaambatana na maelezo ya namna ya kukitumia. Kufikia mwaka 1951 maktaba hiyo ilikuwa na vipande 87, na katika mwaka huohuo Maurice Wilkes, David Wheeler na Stanley Gill walichapisha kitabu kilichofafanua utaratibu huo.

Jambo la kuzingatia katika historia hiyo ni kwamba vipande havikupangwa kwa majina ya watafiti wala ya miradi yao. Mtaalamu wa fizikia na mtaalamu wa elimuviumbe walikwenda kwenye kabati moja, kwa sababu kilichopangwa humo kilikuwa ni aina ya hesabu. Maktaba hiyo ilikuwa pia na katalogi, na kila kipande kilijaribiwa kabla ya kuingizwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wa Cambridge waliweka daftari tangu mwanzo.

Mwaka 1968, katika mkutano uliofanyika Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alitoa hoja kwamba programu ziundwe kwa vijenzi vilivyokwisha kutengenezwa, kama mafundi wa fani nyingine wanavyochagua vipuri kutoka katika orodha zenye vipimo vinavyojulikana. Miaka minne baadaye, yaani 1972, David Parnas aliuliza swali gumu zaidi: programu igawanywe kwa kigezo gani? Mfano alioutumia unapaswa kuwavutia wanaleksikografia, kwani ulikuwa ni programu ya kuandaa faharasa ya maneno katika muktadha, ambayo ni chombo cha kawaida katika utafiti wa kopasi. Parnas alionyesha kwamba kugawa programu kwa kufuata hatua za kazi, yaani kusoma, kupanga na kuchapa, huleta taabu pale jambo moja linapobadilika. Alipendekeza badala yake kwamba kila moduli ifiche ndani yake uamuzi mmoja unaoweza kubadilika baadaye, ili mabadiliko hayo yasivuruge moduli nyingine.

Kigezo hicho kinafaa sana kwa Kiswahili. Mathalani, kijenzi cha kutaja saa hubadilisha 07:00 kuwa saa 1 asubuhi. Hesabu yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa tofauti ni saa sita. Kigumu ni kuamua alfajiri inaishia wapi na asubuhi inaanzia wapi, au mchana unageuka alasiri wakati gani. Wasemaji hawakubaliani juu ya mipaka hiyo, na mhariri wa redio anaweza kutaka mpaka tofauti na mhariri wa kitabu cha shule. Uamuzi huo ukitawanywa katika programu kumi, kuurekebisha ni kurekebisha programu kumi. Ukifichwa ndani ya kijenzi kimoja, hurekebishwa mara moja tu.

3.0 Dhana Zilizofichika Ndani ya Kijenzi

Kutumia tena si jambo jema kwa kila hali. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, na kuharibika sekunde chache chini ya 40 baada ya injini yake kuu kuwashwa. Uchunguzi ulibaini kwamba sehemu ya programu ya kuongoza roketi ilikuwa imechukuliwa kutoka Ariane 4. Programu hiyo ilijaribu kugeuza namba ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Katika Ariane 4 kiasi hicho hakikuweza kuvukwa, kwa hiyo hakikuwekewa kinga. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, ikakivuka. Kinachosikitisha zaidi ni kwamba hesabu hiyo haikuwa na kazi yoyote katika Ariane 5 baada ya roketi kuondoka ardhini. Iliachwa tu kwa sababu ilikuwa imefanya kazi vizuri hapo awali.

Funzo la ajali hiyo ni kwamba kijenzi hubeba dhana za mazingira kilimozaliwa, na dhana hizo zisipoandikwa huonekana tu siku zinapovunjika. Katika Kiswahili, dhana za aina hiyo zimo kwa wingi katika vijenzi vinavyotoa ujumbe kwa mtumiaji. Vingi vya vijenzi hivyo vimeundwa kwa kuzingatia Kiingereza, lugha ambayo kitenzi cha "kufutwa" hakibadiliki kwa kufuata kilichofutwa. Mwandishi wa kijenzi huacha nafasi ya idadi, nafasi ya jina la kitu, kisha huandika kitenzi mara moja. Sentensi hiyo ikiletwa katika Kiswahili, nafasi moja ya kitenzi haitoshi: kitabu kimefutwa, barua imefutwa, neno limefutwa, ukurasa umefutwa, mtumiaji amefutwa. Katika wingi huja vimefutwa, zimefutwa, yamefutwa na wamefutwa.

Ni kweli kwamba vijenzi vingi vya leo vina utaratibu wa umoja na wingi. Katika hazina ya CLDR inayotunzwa na shirika la Unicode, Kiswahili kimepangiwa makundi mawili, moja na mengineyo, sawa na Kiingereza. Mpango huo ni sahihi kwa upande wa idadi, lakini haugusi ngeli hata kidogo. Mfasiri anayepewa sentensi yenye nafasi ya jina lisilojulikana hana njia ya kuiandika kwa usahihi. Huchagua kiambishi kimoja, kwa kawaida i- cha ngeli ya N, naye mtumiaji husoma kwamba "mtumiaji imefutwa". Lawama humwangukia mfasiri, ilhali kosa lilifanywa na aliyekiunda kijenzi.

Hata kijenzi kilichoandikwa na Mswahili kinaweza kuwa na kasoro ya namna hiyo. Chukulia mradi wa maktaba ambamo mwanafunzi ameandika kijenzi cha upatanisho wa kisarufi kinachotambua ngeli kwa kuangalia mwanzo wa nomino. Kitabu, kijitabu, kielelezo na kitini vyote huanza kwa ki- na vyote hupatana kwa ki-. Kijenzi hicho kinafanya kazi bila kasoro, majaribio yote yanapita, na mwanafunzi anahitimu. Kisha kijenzi kinachukuliwa na mradi wa kuandikisha wanafunzi wa shule, nacho kinatoa sentensi "Kijana kimesajiliwa". Kijana, kipofu, kiongozi na kifaru huanza kwa ki-, lakini kwa kuwa hutaja viumbe wenye uhai hupatana kwa a- na wa-. Katika orodha ya vitabu jambo hilo halikuweza kujitokeza, kama vile namba ya Ariane 4 isivyoweza kuvuka mpaka. Dhana kwamba nomino zote hutaja vitu visivyo na uhai haikuandikwa popote, kwa sababu aliyeandika programu hakujua kwamba ameifanya.

Mwanaisimu yeyote angeigundua dhana hiyo kwa kusoma kijenzi kwa dakika tano. Hapo ndipo ilipo hoja ya msingi ya makala haya. Kijenzi cha lugha kinahitaji kusomwa na mjuzi wa lugha kabla ya kuingizwa katika ghala, na kusomwa huko hakuwezekani ikiwa kijenzi kimo ndani ya mradi wa mtu mmoja na hakuna anayejua kwamba kipo.

4.0 Hoja za Wanaopinga

Wapo wanaopendelea kila mradi unakili msimbo unaouhitaji na kuendelea nao peke yake. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Mwezi Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu aliondoa vijenzi vyake zaidi ya 250 kutoka katika ghala la npm, linalotumiwa na waandishi wa JavaScript duniani. Kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Maelfu ya miradi ilikuwa ikikitegemea, mingi bila kujua, kwa sababu ilitegemea vijenzi vingine vilivyokitegemea. Kwa muda wa saa chache miradi hiyo ilishindwa kujengwa, mpaka wasimamizi wa ghala walipokirudisha. Desemba 2021 ilibainika kwamba kijenzi cha Log4j, kinachotumika kuandika kumbukumbu za matukio katika programu za Java, kilikuwa na kasoro iliyowaruhusu wavamizi kuendesha amri zao katika kompyuta za wengine. Kasoro moja ilikuwa imeenea kila mahali kijenzi kilipofika.

Mifano hiyo inathibitisha kwamba kutegemea kijenzi cha mwingine ni kukubali deni. Hata hivyo, haithibitishi kwamba kunakili ni nafuu. Kasoro ya Log4j ilipogunduliwa, watunzaji wake walitoa toleo lililorekebishwa, na kila aliyejua kwamba anakitumia aliweza kulichukua. Lau kila mradi ungekuwa na nakala yake iliyobadilishwa kidogo, kila mmoja ungelazimika kujitafutia kasoro na tiba. Katika mfano wa "kijana", nakala kumi za kijenzi chenye kosa ni makosa kumi yatakayosahihishwa na watu kumi wasiojuana, iwapo yatasahihishwa.

Wengine wanapendekeza kinyume chake, yaani kuweka kila kitu katika ghala moja kubwa. Hutaja mfano wa kampuni ya Google, ambayo kwa mujibu wa makala iliyochapishwa na wahandisi wake mwaka 2016 iliweka sehemu kubwa ya msimbo wake, takribani mistari bilioni 2, katika ghala moja. Faida yake ni kwamba anayebadilisha kijenzi huona wote wanaokitumia na huweza kuwarekebishia papo hapo. Lakini mpango huo hutegemea wahandisi wengi na zana maalumu za kuutunza. Idara yenye wahadhiri wachache na wanafunzi wanaobadilika kila mwaka haina nguvu hiyo. Ikiuiga, itapata jalala badala ya ghala.

5.0 Mapendekezo kuhusu Upangaji

Kutokana na hayo, mambo manne yanapendekezwa.

Kwanza, kinachoshirikiwa kiwe ni tabaka la maarifa na si programu nzima. Kikaguzi cha tahajia, kichanganuzi cha mofolojia na kamusi ya kompyuta ni programu tatu tofauti, lakini zote zinahitaji kujua kwamba hatukuwapikia ni ha-tu-ku-wa-pik-i-a. Orodha ya viambishi na kanuni za mfuatano wake ndizo zinazostahili kuwa kijenzi. Vivyo hivyo kwa orodha ya nomino pamoja na ngeli na uhai wake, kanuni za kutenga silabi, na utaratibu wa saa na tarehe. Madirisha, vitufe na taratibu za kuhifadhi faili vibaki katika mradi, kwa sababu hivyo hubadilika kwa kufuata mahitaji ya mradi huo.

Ushahidi kwamba njia hii inawezekana upo. Kazi iliyoanzishwa katika miaka ya 1980 na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki ilizaa kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili, alichokieleza katika makala ya mwaka 1992. Maarifa yaleyale ya msamiati na mofolojia yaliendelea kupanuliwa katika mfumo uitwao SALAMA, na ndiyo yaliyotumika kuweka maelezo ya kisarufi katika Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 2016. Kijenzi kimoja kilichotunzwa kwa miongo kadhaa kilihudumia kazi nyingi. Jambo la kujiuliza ni kwa nini utunzaji wa muda mrefu namna hiyo ulifanyika Helsinki.

Pili, kijenzi kisiingizwe katika ghala kabla ya kuhitajiwa na miradi isiyopungua mitatu. Mradi wa kwanza huonyesha tu kwamba kazi inawezekana. Wa pili huonyesha dhana zilizofichika. Ni katika wa tatu ndipo hubainika lipi ni la kudumu na lipi ni la mazingira. Kanuni hii huzuia ghala kujaa vitu vilivyotengenezwa kwa matumaini ya kwamba siku moja vitafaa.

Tatu, kila kijenzi kiwe na hati ya ukurasa mmoja, majaribio na namba ya toleo. Hati itaje kinachofanywa, kisichofanywa, na dhana zilizowekwa. Mathalani, kwamba tahajia ni ya Kiswahili sanifu na kwamba nomino zenye uhai zimetengwa. Majaribio yawe ni sentensi zenye majibu yanayojulikana, na kila kosa linalogunduliwa liongezwe humo ili lisirudi. Wanaisimu hawana haja ya kujifunza kuandika programu ili kutunga majaribio hayo. Orodha ya nomino mia mbili pamoja na upatanisho wake ni kazi wanayoiweza tayari. Kuhusu namba ya toleo, utaratibu haupishani na ule wa vitabu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, ikafuatiwa na toleo la 2004 na lile la 2013, na mtafiti makini hutaja toleo alilolitumia. Msimbo unastahili heshima hiyohiyo. Mabadiliko yanayoweza kuvuruga watumiaji yabadilishe namba kuu, na marekebisho madogo yabadilishe namba ndogo, ili kila mradi uchague wenyewe wakati wa kuhama.

Nne, kila kijenzi kiwe na mtunzaji anayejulikana kwa cheo na si kwa jina peke yake. Mwanafunzi huhitimu, na mhadhiri huhama au kustaafu. Ikiwa utunzaji umeandikwa kuwa ni wa idara, idara italazimika kumteua mwingine. Suala hili lina mfano wa karibu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini programu mama haikusimama. Mwaka 2010 watengenezaji wake wengi walijitenga na kuanzisha LibreOffice. Kila toleo jipya la programu ya aina hiyo huleta sentensi mpya za kufasiri. Tafsiri ni kijenzi kama vijenzi vingine, na isipokuwa na mtunzaji wa kudumu huzeeka hata kama siku ya uzinduzi wake ilipigiwa makofi.

6.0 Hitimisho

Huenda ikadaiwa kwamba mambo haya yaachiwe idara za kompyuta. Dai hilo linasahau historia ya Kiswahili chenyewe. Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilikabiliwa na swali la namna hiyohiyo: nchi nne, vitabu vingi, na haja ya tahajia moja itakayotumika katika vyote. Uamuzi wake ulizua mabishano ambayo hayajaisha, hususan juu ya nafasi ya lahaja, lakini hakuna anayepinga kwamba kazi ile iliwahusu watu wa lugha. Taasisi zilizoirithi zimezoea kuorodhesha, kusanifu, kutoa matoleo na kusahihisha. Huo ndio ujuzi unaohitajiwa na ghala la vijenzi.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha za wafadhili. Idara inaweza kuweka sharti kwamba tasnifu yoyote iliyotumia programu iwasilishwe pamoja na msimbo wake, hati ya ukurasa mmoja, orodha ya majaribio na leseni inayowaruhusu wengine kuitumia. Baada ya miaka michache itaonekana wazi ni vipande vipi vinavyojirudia katika tasnifu tatu au zaidi, na hivyo ndivyo vitakavyokuwa vijenzi vya kwanza. Sharti hilo lisipowekwa, orodha ya viambishi itaendelea kuandikwa upya kila baada ya miaka mitatu, na simu za Waswahili zitaendelea kuwaambia kwamba mtumiaji imefutwa.